Usiku wa Alhamisi

Dada yangu alitembea na goti lisilokunjika mpaka siku ya kufa kwake, na sababu ya goti lile ni mimi. Wapo waliosema kijicho, wapo waliosema shetani wa pwani. Haikuwa kijicho wala shetani. Ilikuwa barua ya mistari mitano, nami nikaisoma vibaya huku nikijiona nimeisoma vizuri.

Mambo haya yalitokea miaka michache kabla ya Wadachi wa Ujerumani kuja na bendera yao. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeachika mara moja, sina mtoto, naishi na mama yangu Bagamoyo katika nyumba ya makuti nyuma ya majumba ya mawe. Nilikuwa nikishona kofia na kuziuza. Marehemu baba alinisomesha Kurani mpaka nikahitimu, kwa hiyo herufi nilizijua, na wanawake wa mtaani walikuwa wakiniletea barua za waume zao waliokwenda bara niwasomee. Wengine walikuja na mayai, wengine na dua tu. Nilipenda kuitwa msomaji. Nalisema mapema, maana ndilo lililotuponza.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Mlingotini, kusini mwa mji, mwendo wa asubuhi kwa miguu. Shemeji alikuwa mtu wa mpunga na minazi, mkali wa maneno lakini si mkali wa mkono. Walikuwa na watoto watatu. Dada ndiye aliyekuwa na mwili katika familia yetu: mrefu, mwepesi, bahari ikipwa alikuwa wa kwanza kushuka kuokota chaza na wa mwisho kurudi.

Mwaka huo alikuja mjini Bibi mmoja wa Kiingereza, mke wa mhubiri. Mumewe alikuwa ametangulia bara kujenga nyumba, naye akaambiwa angoje masika yaishe. Alipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya Mhindi mwenye duka la nguo. Siku moja alishuka barazani akaona kofia zangu, akataka moja ya mumewe. Tulibishana bei kwa vidole. Tulipokubaliana akashika kofia akauliza, "Hii nini?" Nikamwambia, "Kofia." Akarudia, kisha akaniambia neno la kwao. Kesho yake nikarudi bila kofia. Hivyo ndivyo tulivyoanza: yeye anipe Kiingereza, mimi nimpe Kiswahili, kila siku baada ya adhuhuri, mkekani juu kule, mvua ikipiga bati la jirani.

Maneno makubwa hayakunisumbua. Mkate, maji, nyumba, mtoto, hayo yalikaa kichwani siku ileile. Yaliyonitesa yalikuwa matatu madogo: "at", "on" na "in". Kwetu ukisema nitakuja Ijumaa, umemaliza. Nitakuja asubuhi, umemaliza. Nitakuja saa mbili, umemaliza. Bibi alikuwa akitikisa kichwa. Kwao, kila wakati una kineno chake mbele, na ukikosea kineno watu wanakuelewa lakini wanakucheka.

Niliyaandika kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa masikio yangu yalikuwa ya Kiswahili, yakatoka eti, oni na ini. Nikajitungia njia ya kuyakumbuka. Saa ni ndogo kama ncha ya sindano, hiyo ni eti. Siku unaiona nzima mbele yako, hiyo ni oni. Mwezi na mwaka ni vikubwa, vina tumbo, na ndani ya tumbo mna ini. Nilipomweleza Bibi, na akaelewa ini ni kitu gani, alicheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Lakini asubuhi nayo ni 'in'," akaniambia. "Na jioni ni 'in'."

"Asubuhi ina tumbo?"

"Ina tumbo."

"Na usiku?"

"Usiku ni 'at'."

Nikaweka kalamu chini. "Bibi, usiku ni mkubwa kuliko asubuhi. Kwa nini uwe ncha ya sindano?"

Alifikiri kweli, uso umemkunjamana. "Sijui. Tunasema hivyo."

"Na usiku wa Ijumaa?"

"Hapo ni 'on'. Kwa ajili ya Ijumaa. 'On Friday night'."

Nikaandika. Hakuniuliza ninaposema usiku wa Ijumaa nakusudia usiku gani, wala mimi sikumuuliza. Mtu haulizi jambo analolijua.

Saa zao zilinipa taabu zaidi mwanzoni. Bibi alikuwa na saa ya ukutani, na jua likiwa utosini sindano zote mbili zinaonyesha kumi na mbili, wakati kila kiumbe wa pwani anajua hiyo ni saa sita. Lakini nilipogundua kwamba inatosha kuongeza sita au kupunguza sita, jambo lile likawa mchezo. Nilikuwa nikiwatajia wanawake wa mtaani saa za Kizungu kama mtu anayeonyesha bangili mpya. Saa yetu ya mbili ni yao ya nane. Saa yetu ya saba ni yao ya kwanza. Sikukosea hata mara moja.

Masika yalipokwisha Bibi alipata homa mfululizo, ikaamuliwa avuke akapumzike Unguja kabla ya kwenda bara. Siku ya kuondoka alinipa karatasi kumi nyeupe na kalamu. "Uniandikie," akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Nilipata sababu ya kumwandikia mapema kuliko nilivyotaka. Dada alijichoma mguu kwa ncha ya gamba la chaza, juu kidogo ya goti. Kwanza halikuwa jambo. Kisha paja likavimba, likawaka, ngozi ikang'aa kama ya bilingani. Walibandika majani, wakachanja, mganga mmoja akamwandikia kombe, aya za kuoshwa sahanini na kunywewa. Nilipokwenda kumtazama alikuwa amelala chali, mguu juu ya mto, na yeye, mtu asiyejua kulia, alikuwa analia kimya.

"Mwandikie Mzungu wako," akaniambia. "Wana dawa."

Nikamwandikia Bibi barua yangu ya kwanza ya Kiingereza. Nilikaa nayo tangu asubuhi hadi alasiri. Nilieleza mguu, siku gani ulianza, wakati gani unauma zaidi, na kila wakati nikauwekea kineno chake. Nahodha wa mashua ya yule Mhindi akaipeleka.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mhindi mwenyewe alinikabidhi dukani. Bibi aliandika kwa herufi kubwa, zilizotengana, maneno yale tu aliyonifundisha, kama mama anayemtafunia mtoto chakula. Alisema amepata daktari. Daktari anapita Bagamoyo na msafara wa kwenda bara. Atafika nyumbani kwa Mhindi "on Thursday night". Nimlete dada "at eight". Ataondoka "in the morning", hawezi kungoja.

Nilisoma kwa sauti, nimesimama katikati ya duka, watu wawili watatu wakinitazama.

Mhindi akasema, "Ndugu yangu yuko nyuma, alikaa Bombei miaka mingi, Kiingereza anakijua. Mpe aitazame."

"Nimekwisha isoma," nikamjibu.

"Najua. Mpe tu."

"Bwana, hii barua nimeandikiwa mimi."

Akainua mikono, akarudi kwenye nguo zake. Mara ngapi tangu siku ile nimekisikia masikioni kikohozi cha ndugu yake, kule nyuma ya pazia, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama!

Nilikwenda Mlingotini nikawaambia: usiku wa Alhamisi, saa mbili. Saa nilikuwa nimeihesabu vizuri, nane yao ni mbili yetu, na njia nzima nilikuwa nikijipongeza kwa hesabu ile. Jumatano baada ya adhuhuri tukaondoka. Shemeji na ndugu zake watatu walimbeba dada juu ya kitanda, wakipokezana begani. Kila waliposhusha alipiga ukelele. Kila alipopiga ukelele shemeji alinitazama mimi.

Tulifika magharibi. Mhindi alishangaa kidogo kutuona, akadhani tumewahi kwa sababu ya mgonjwa, akatufungulia baraza na kuleta taa, kisha akaingia ndani kulala. Saa mbili ikafika, daktari hakuja. Saa tatu, saa nne. Umande ukashuka. Dada akaanza kutetemeka, tukamfunika kwa kanga zetu zote. Nilikuwa nikimwambia, "Upepo huo, mashua imechelewa. Sasa hivi." Alfajiri nikasimama pwani nikatazama maji mpaka macho yakaniuma. Barua ilisema ataondoka asubuhi, na asubuhi ilikuwa imekuja bila yeye.

Tulingoja hadi jua lilipokuwa kali. Dada akasema, "Nirudisheni kwangu. Kama ni kufa nife na wanangu."

"Tungoje hata jioni," nikasema.

Shemeji akanigeukia. "Umesema Alhamisi usiku, tumekuja Alhamisi usiku. Umesema anaondoka asubuhi. Sasa jioni tungoje nini? Wazungu hawana ahadi. Inua, jamaa."

Wakainua kitanda, Mhindi mwenyewe akiwa bado forodhani. Hiyo ilikuwa Alhamisi, baada ya kifungua kinywa. Nilitembea nyuma yao njia nzima na nilikuwa na hasira, si na nafsi yangu, bali na daktari nisiyemjua.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa dada nachemsha maji, akaja mama mmoja muuza samaki aliyetoka mjini kununua mzigo. Shemeji alikuwa shambani. Mama yule akatua kapu lake.

"Mhindi amenituma kwako," akasema. "Anasema daktari alifika jana, baada ya magharibi. Alikungojeni hadi saa nne. Anasema, mbona mlikuja mkaondoka? Daktari ametoka alfajiri ya leo na msafara. Leo wanalala Kingani, kwenye kivuko."

Nilimwambia asante. Nikafunika sufuria. Nikaingia ndani, dada amefumba macho, nikatoka tena na kwenda bila kumuaga mtu.

Sijui nilitembea vipi siku ile. Nilipita mjini bila kusimama, nikashika njia ya misafara, na alasiri nikafika mtoni. Wapagazi walikuwa wametua mizigo ukingoni, mamia yao, moshi wa majiko umetanda. Mnyapara mmoja alitaka kunifukuza akidhani nimemfuata mpagazi anipe talaka yangu. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba namtaka daktari. Hakuelewa, lakini aliniongoza kwenye hema.

Daktari alikuwa kijana, shingo imeungua jua, ana vitabu miguuni. Nilisema naye nikiwa nimesimama juani. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi wa ile barua, na kwamba tulikuja "on Thursday night", "at eight", na yeye hakuwapo.

"Hapana," akasema. "Nilikuwapo mimi. Ninyi hamkuwapo."

"Tulikuwapo."

"Nilikaa kwenye baraza ile hadi nikasinzia. Alhamisi usiku."

Tukatazamana. Hakuwa na sura ya mwongo, na nadhani nami sikuwa nayo. Akaokota kijiti, akachora duara mchangani. "Alhamisi," akasema, akionyesha jua. Kulia kwake akachora duara la pili na kulijaza mistari. "Usiku. Jana. Thursday night."

Nilikaa nikilitazama lile duara la giza. Lilikuwa mahali pasipo pake. Nikamwomba kijiti. Nikachora langu upande wa kushoto, kabla ya jua.

Kwetu jua likizama siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa siku inayokuja. Jumatano magharibi ikiadhiniwa, Alhamisi imeshaingia. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa tunasoma Yasini, kisha tunalala, kisha ndiyo tunaamkia Ijumaa yenyewe. Nilizaliwa ndani ya hesabu hiyo. Wazungu wanatanguliza mchana, usiku wake unaufuata kama mkia. Bibi aliandika usiku wake, mimi nikasoma usiku wangu, na kati ya ule wake na huu wangu kulikuwa na mchana mzima ambao dada yangu alibebwa juu ya kitanda kurudishwa nyumbani.

Daktari alielewa upesi. Alijifuta uso kwa kiganja. "Mungu wangu," akasema. Kisha akauliza, "Mguu ukoje sasa?"

Nilimweleza. Alikwenda kwenye hema lingine, kwa mkuu wa msafara, mzee mwenye ndevu nyeupe. Nilisikia sauti zao zikipanda. Mzee alikuwa akisema wapagazi mia tatu hawawezi kuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja. Sikuhitaji kamusi. Mwishowe daktari akarudi akiwa mwekundu zaidi. Kuvusha mizigo mtoni kungechukua siku nzima ya kesho. Siku hiyo moja amepewa. Leo kiza kinaingia, mzee hamruhusu kutoka. Tutaondoka kukipambazuka.

Nililala kwa wake za wapagazi. Walinipa uji, sikuunywa.

Asubuhi alipanda punda, mimi na mpagazi mmoja tukatembea. Tulifika Mlingotini jua likiwa juu. Dada alikuwa haongei tena, midomo imepasuka, na chumba kina harufu ambayo sijaisahau. Shemeji alipomwona daktari alisimama, akamsalimu kwa heshima, akatoka nje kuchota maji mwenyewe. Daktari alinawa kwa dawa kali, akaniambia nishike taa karibu ingawa ni mchana, na nimwambie dada aume kitambaa. Akakata. Kilichotoka kilijaza bakuli, kisha bakuli la pili. Dada alizimia, akazinduka, akazimia tena. Daktari hakupumzika. Jasho lilikuwa likimdondoka puani.

Alipomaliza kufunga alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Dada alikuwa amefumbua macho. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, na mama yangu, aliyekuwa amefika jana yake, nyuma yake.

Daktari alisema nami taratibu, kwa maneno mepesi, nisije nikakosa hata moja. Atapona, akasema. Lakini uchafu umeingia kwenye goti. Goti halitakunjika tena. "Ningemkata 'on Thursday night'," akasema, "lingekunjika." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na ulikuwa ukweli tu.

"Anasemaje?" akauliza shemeji.

Wote walikuwa wakinitazama. Pale chumbani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na maneno yale, na nilijua kwamba yakibaki kwangu hakuna mtu atakayekuja kuniuliza tena.

"Anasema atapona, inshallah," nikasema. "Goti litabaki gumu. Anasema tushukuru Mungu."

"Alhamdulillahi," akasema mama.

"Na mbona hakuja siku aliyoahidi?" akauliza shemeji.

"Upepo," nikasema. "Upepo ulimchelewesha."

Daktari aliona tunamtazama, akaitikia kwa kichwa kwa upole. Aliwaombea heri. Hakujua kwamba nimemtwika mzigo wangu.

Kabla hajaondoka alinipa dawa ya kuoshea na unga wa kunywa, akanieleza nyakati zake: "in the morning", "at night", "for ten days", "until" hivi na hivi. Nikamsimamisha. Nikamwomba anyooshe kidole angani, mahali jua litakapokuwa. Akanyoosha. Nikamwuliza usiku upi, unaotangulia au unaofuata. Akanijibu bila kucheka. Nikamfanya arudie yote mara tatu, na siku kumi zile nilizihesabu kwa punje za mahindi juu ya kizingiti, kila jua likizama punje moja. Dawa haikukosewa hata mara moja.

Dada alipona kama alivyosema daktari. Homa ikaisha, kidonda kikafunga, akasimama. Mguu ukabaki umenyooka kama mchi. Chaza zikawa basi, maana huwezi kuokota chaza bila kuchutama. Mpunga ukawa basi. Kuswali akaswali ameketi kwenye kibao. Shemeji hakumwacha, nampa haki yake, lakini kila wageni walipouliza alisimulia habari za daktari wa Kizungu aliyeahidi siku moja akaja siku nyingine. Alisimulia mbele yangu. Nilikuwa nainama chini nachambua mchele.

Bibi aliniandikia kutoka Unguja akiuliza kama daktari alifika. Baadaye aliandika tena. Karatasi zilikuwapo, kalamu ilikuwapo. Sikumjibu. Nikasikia amekwenda bara kwa mumewe, na sikupata habari zake tena. Wanawake wa mtaani walipoleta barua nilianza kuwaambia macho yangu yana ukungu.

Kisha ukaja mwaka wa mizinga. Wadachi na watu wa pwani walipopigana mji ulihama, na mimi na mama tukakimbilia Mlingotini kwa dada. Hapo ndipo nilipoishi na goti lile usiku na mchana. Zamani nilikuwa naja, nasalimu, narudi. Sasa nilimsikia kila alfajiri anavyoinuka: kwanza anajivuta ukingoni mwa kitanda, anaushusha mguu kwa mikono miwili, anashika nguzo, anavuta pumzi, ndipo anasimama. Alfajiri hadi alfajiri, mwezi mmoja, miwili. Sikuweza tena.

Siku moja tulikuwa wawili tu, tunasuka ukili uani. Nikamwambia, "Dada, nina neno."

"Sema."

Nikamweleza yote. Barua, ndugu wa Mhindi nyuma ya pazia, maduara mchangani, maneno ya daktari niliyoyageuza. Yeye hakuacha kusuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Muuza samaki alisema mlangoni. Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimelala. Nilisikia daktari alikuja jana, alitungoja. Nikajua umekosea siku."

"Na hukuniambia?"

Hapo ndipo alipoweka ukili chini. "Nikuambie mimi? Mimi ndiye niliyekatwa. Nilikaa nakungoja uje useme. Nikasema, atakuja Idi. Idi ikapita. Nikasema, atakuja mwanangu akitoka jandoni. Akatoka. Miaka mingapi, mdogo wangu? Na mume wangu akimtukana mtu aliyeniokoa, nawe unachambua mchele."

"Niliogopa."

"Kukosea barua ni kukosea. Hata kadhi hukosea. Lakini hili la pili hukulikosea. Ulilichagua."

Alishika nguzo akainuka, hakunipa mkono nimsaidie, akaingia ndani. Jioni ile mimi mwenyewe nilimweleza shemeji. Akaenda msikitini na kurudi amechelewa. Tangu siku hiyo hakumtaja tena daktari, na mimi alinisalimu kwa jina tu, bila neno la shemeji mbele yake.

Dada alisema nami yale ya lazima. Chumvi iko wapi. Mtoto anakuita. Ikawa hivyo wiki kwa wiki, nyumba moja, chungu kimoja. Ningeweza kurudi mjini, mizinga ilikuwa imenyamaza, lakini mama alikuwa ameanza kudhoofika na hakutaka kuhamishwa.

Mama alifariki palepale, asubuhi, amekaa tu, kikombe mkononi. Akaja mwosha, mwanamke mtu mzima wa kijijini, na wanawake wakatandika kitanda cha kuoshea ndani ya pazia. Binti mkubwa ndiye mwenye haki ya kumshika mama yake. Mwosha akamwita dada.

"Inama, mwanangu, umwinue kichwa."

Dada alisimama pembeni ya kitanda. Alijaribu. Niliona mguu mzima ukikunjika na ule mbovu ukimzuia, akashika ukingo wa kitanda asianguke. Wanawake wakatazama chini.

"Siwezi," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Njoo wewe. Uiname. Mimi nitamimina."

Nikapita upande wa pili, nikainama, nikaweka mkono chini ya kichwa cha mama. Kilikuwa chepesi. Dada akachukua kata, akaichovya kwenye mtungi.

"Polepole na shingo," akaniambia.

"Nimeishika."

"Mgeuze upande wa kulia kwanza."

Nikamgeuza. Maji yakaanza kushuka, membamba, juu ya mikono yangu na juu ya mama.